Mfuta Vumbi wa Chumba cha Mawe

Mfagizi wa makumbusho huanza kazi kwa kuliamkia jiwe lililoanguka kutoka angani. “Shikamoo,” analiambia, kwa sababu kibao chake kinasema limeizidi dunia kwa umri, na yeye hana mchezo na wakubwa. Kisha hulipangusa kwa brashi laini, ncha ya ulimi nje, kama anayempaka mtoto poda. Juzi bosi alimjia na habari za kubana matumizi: sasa awe anakuja mara moja kwa wiki. “Vumbi kidogo halina neno, mama.” Mfagizi alimshika mkono, akampeleka mpaka kwenye bango la ukutani linaloeleza dunia ilivyoanza. “Si mmeandika wenyewe, mwanangu? Vumbi kidogo liliachwa, likajikusanya.” Akaipiga sakafu kwa kisigino. “Matokeo yake ndiyo hii tunayoikanyaga.”