Lampu Yenye Nukta Mbili

Ngiing. Mpaka leo nikikaa kimya naisikia. Papa, baba yangu, aligonga kioo cha lampu kwa kitako cha penseli, polepole, na ile sauti ndogo ikatokea kwenye spika kubwa kama mtu amegusa kengele ya kanisa kwa ukucha. Lampu ikijibu hivyo, fupi na safi, ni nzima. Ikikoroma, imechoka.

Papa alikuwa fundi wa redio na ampli, mashine za kukuza sauti, huku Cibitoke, mtaa wa Bujumbura. Ampli zenyewe zilikuwa za zamani, zile zinazopitisha sauti kwenye lampu za kioo zinazowaka nyekundu ndani kama makaa. Watu walishaanza kuzicheka, lakini parokia yetu ilikuwa na moja, na mimi niliipenda kuliko kitu chochote chenye waya.

Kazi yangu ilikuwa rangi ya kucha. Kabla Papa hajachomoa lampu ya mteja, mimi naitia alama: nukta moja, mbili, mstari, kila nyumba na alama yake. Mjini watu walisema mafundi ni wezi, unawapelekea lampu nzima wanakurudishia kizee. Papa alisema, “Kwangu apana. Kwangu lampu inarudi kwao.” Nilikuwa naringa na maneno hayo hata kisimani.

Kichupa cha rangi, ya waridi, nilipewa na jirani yetu, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu. Tulimwita Mama Mwalimu. Mimi shule niliachia darasa la tano, lakini yeye aliendelea kunisahihishia maandishi yangu ya chaki ukutani kwake, bure, na kunicheka. Alikuwa mjane, na alikuwa na gramafoni ya umeme kwenye sanduku la mbao, ya marehemu mume wake. Jumapili baada ya chakula aliweka santuri, akazungusha kitufe cha sauti mpaka nne, akafumba macho. Haikupita nne hata siku moja. “Nne inatosha, mwanangu. Wafu hawapigiwi kelele.” Gramafoni hiyo nayo ilikuwa ya lampu, na ile ndogo ya mbele niliitia nukta mbili.

Vita vilipoingia barabara yetu, watu wa upande wake waliondoka. Yeye alipanda lori la kwenda kambi ya wakimbizi, na godoro na kikapu. Alimpa Papa ufunguo mbele yetu sote.

“Fundi, funguo ni hii. Sina mutu mwingine.”

“Mama, nenda na amani. Hata kijiko hakitatoka.”

Na kweli, kijiko hakikutoka.

Mwaka uliofuata mipaka ilifungwa, hakuna kilichoingia, hata betri zilikuwa hadithi. Ndipo ampli ya parokia ikafa lampu ile ya mbele, inayopokea sauti ya maikrofoni na kuikuza. Kuna lampu mbili zenye jina moja isipokuwa tarakimu ya mwisho. Papa aliziita Tatu na Mbili. Miguu yao ni sawa, unaweza kuchomeka moja mahali pa nyingine na hakuna kinachoungua. Ila Tatu inakuza sauti sana, Mbili inakuza kidogo. Papa hakuwa na Tatu. Akaweka Mbili.

Kiongozi wa kwaya alijaribu maikrofoni, akageuka.

“Fundi, hii ampli inaimba ama inaungama zambi?”

Kwaya nzima ikacheka. Papa naye akacheka, lakini masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

“Nimeiwekea Mbili. Tatu hakuna mu Bujumbura yote.”

“Basi mutoto wako ataimbia viatu vyake.”

Maana nilikuwa nimepewa ubeti wa kwanza wa Pasaka, peke yangu, na sauti yangu ni nyembamba. Mi nilishaota zamani: mtu wa redio atapita njiani, atasimama mlangoni mwa kanisa, atauliza, huyu msichana ni wa nani? Nilijibu swali hilo mara mia nikiosha sahani.

Jumamosi ya kabla ya Pasaka, Papa alirudi na Tatu mkononi, imefungwa kwenye kitambaa.

“Umeitoa wapi, Papa?”

“Kwa fundi mumoja wa Kamenge.”

Kamenge ni mtaa wa jirani; wakati ule vita vilishaumaliza, hata mabati yalikuwa yamehama. Fundi gani alibaki kule? Nilijua hilo kama kila mtu alivyojua. Sikuuliza. Nilimkumbatia, nikaenda kupiga pasi sketi.

Niliimba. Sauti yangu ilitoka kwenye spika ikafika mpaka kwa wauza karanga nje. Mtu wa redio hakupita, lakini kiongozi wa kwaya alinifinya shavu na kuniahidi ubeti wa Pentekoste pia. Siku hiyo nilitembea kama mtu asiye na uzito.

Jumatatu tulikuwa kanisani na Papa, nikafungua ampli kuipangusa vumbi. Pembeni mwa kioo cha Tatu niliona mikwaruzo ya wembe, na katikati ya mikwaruzo, nukta moja na nusu. Waridi.

“Papa. Hii lampu ya nani?”

Hakuinua kichwa. “Ya kanisa sasa.”

“Ni ya Mama Mwalimu.”

“Sikuiba, we! Nimebadilisha. Nimemuwekea Mbili yetu. Gramafoni yake inaimba.”

“Inaimba chini.”

“Chini si kimya.” Kisha akaniangalia. “Na we, Jumamosi, mbona hukuuliza tena?”

Nilipangusa tena kioo kilichokuwa safi. Angenipiga kofi, ningepata pa kulilia.

Baadaye alilainika. Alisema atairudisha baada ya Pentekoste, nikishaimba. Nilikubali. Hilo nalo naliandika: nilikubali.

Mama Mwalimu alikuja kabla ya Pentekoste. Alikuja mchana na gari la masista, kwa muda wa saa mbili tu, kuchukua nguo na picha. Alikuwa amekonda, kitenge kinamzunguka mara mbili. Papa alimpa ufunguo kwa mikono miwili. Alikagua nyumba, akahesabu vijiko akicheka, akasema, “Fundi, we ni mutu.” Kisha akaweka santuri, akazungusha mpaka nne, akafumba macho.

Akayafumbua. Akazungusha mpaka sita. Mpaka nane. Mpaka mwisho, na wimbo wa mume wake ulikuwa bado kama mtu anayeongea nyumba ya tatu.

“Kumbe ni kweli,” alisema. “Ile bomu iliyoanguka karibu na kambi yetu. Masista waliniambia masikio yatarudi. Hayakurudi.”

Nilimtazama Papa. Yeye akamsogelea Mama Mwalimu, akainama, akapaza sauti kama mtu anayeongea na kiziwi:

“POLE SANA, MAMA!”

Naye akaanza kujibu kwa kupaza sauti. Mpaka gari linaondoka alikuwa anapiga kelele dirishani, akiuliza kama namsikia, yeye ambaye maisha yake yote nne ilimtosha. Alinirudishia ufunguo, akanishika mkono. “Andika vizuri, mwanangu!” alipiga kelele. Mdomo wangu ulifunguka. Ningehitaji maneno matatu: ni lampu, Mama. Papa alikuwa nyuma yangu, nami nikaogopa aibu yake, na ya kwangu, na ubeti wa Pentekoste. Nikasema, “Ndiyo, Mama.” Nilisema kwa sauti kubwa.

Hakurudi tena. Mwezi mmoja baadaye sista alituambia amefariki kambini, na kwamba siku za mwisho alikataa kuimbiwa, akisema nyimbo zisipotezwe kwa mtu asiyesikia.

Pentekoste ilishapita, nilishaimba, na lampu bado ilikuwa ya kanisa. Papa hakuitaja, nami sikuitaja.

Siku ile ile ya habari, Papa akiwa kwenye matanga ya mtu mwingine, nilienda kanisani nikaichomoa Tatu. Nilichukua ufunguo msumarini. Nyumba yake ilinuka sabuni ya kufulia. Nilitoa Mbili, nikachomeka Tatu, nikawasha gramafoni, nikasubiri ipate joto. Kichupa cha rangi kilikuwa kimekauka karibu chote. Nilitia matone mawili ya asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, nikachokoa kwa kijiti, nikaijaza ile nukta nusu. Nikagonga kioo kwa penseli. Ngiing. Nyumba nzima ikasikia. Kitufe kilikuwa bado pale alipokiacha, mwisho kabisa. Nikakirudisha mpaka nne.