Siku Protus Aliposema Hakuona Kitu

Protus Shitanda alikuwa na ushuhuda mmoja, na kanisa lao lote la Lugari liliujua. Mwaka 1951, akichimba dhahabu karibu na Iguhu, shimo lilimporomokea. Alikaa gizani siku mbili, udongo umembana hadi kiunoni, akiomba mpaka sauti ikamkauka. Siku ya tatu akatolewa mzima. "Mungu aliyenitoa kule," alizoea kusema, "nitamwogopa nani tena?"

Uhuru ulipokuja, alipata shamba kwenye skimu ya makazi, katika ardhi iliyokuwa ya Mzungu. Alipakana na Kipruto, aliyewahi kumkamulia Mzungu huyo ng'ombe, naye pia akagawiwa ekari zake kihalali.

Machi 1965, mitamba wawili wa mwenyekiti wa skimu walipotea. Protus alikuwa amewaona kwa macho yake wakivunja ua na kuteremka mtoni peke yao. Lakini mkutano ulipoitwa, watu walifika na mapanga, wakisema mwizi ni Kipruto, asiye wa kabila lao, na lazima aondoke.

"Mzee wa kanisa," mwenyekiti akauliza, "wewe ndiwe jirani. Uliona nini?"

Protus alitazama yale mapanga. "Sikuona kitu," akasema.

Kipruto alimtazama tu. Kabla jua halijatua nyumba yake ilikuwa imebomolewa, naye na mkewe Jelagat wakashika njia ya Turbo na mizigo kichwani.

Jumapili Protus alisimama kushuhudia kama kawaida. Maneno hayakuja. Akaketi, uso umemwiva kwa aibu, watu wakadhani anaumwa.

Nyumbani hakugusa obusuma, ugali aliowekewa mezani. Mkewe Jescah alipomuuliza, akamweleza yote.

"Kule shimoni nani alikutetea?" Jescah akauliza.

"Mungu peke yake."

"Na hawa watu wa skimu, ni wazito kuliko ule udongo?"

Miaka kumi na minne Protus alikuwa akiusimulia wema wa Mungu kana kwamba ulimpata mtu mwingine.

Jumatatu alikwenda kwa mwenyekiti, akawakuta wanaume wamekusanyika. Akakumbuka vumbi lililomjaa kinywani, na jinsi hewa ilivyomfikia alipokwisha kukata tamaa. "Nilisema uongo," akaanza. Mmoja alitema mate miguuni pake, mwingine akamwita msaliti. Akamaliza kusema, kisha akaenda kuandikisha maneno yayo hayo kwa afisa wa skimu.

Siku hiyo hiyo alitembea hadi Turbo.

"Niliwaona wale mitamba," alimwambia Kipruto.

"Najua. Nilikuona umesimama penye ua asubuhi ile."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema mimi, nani angeniamini? Nilikuwa nakungoja wewe."

Mzoga wa mtamba mmoja ulipatikana chini mtoni, na afisa akamrudishia Kipruto shamba lake mwezi wa Mei, majira ya kupanda yamekwisha pita. Protus alimlimia, akamsaidia kusimamisha nyumba. Kipruto alipokea msaada bila maneno mengi. Jelagat hakumsalimia Protus mwaka mzima. Alipokuja kumsalimia, ilikuwa "habari" moja tu, akipita na mtungi wa maji, naye Protus aliijibu akitazama chini.