Tanuri Nyuma ya Migomba ya Shangazi

Jumamosi ile nilipanda Uru, kijijini kwetu mlimani, kwenda kugombana, sifichi. Shangazi Ndeshi, dada wa marehemu baba, alinipigia simu akawa anakohoa kuliko anavyozungumza. Zahanati walimwambia aondoke kwenye moshi. Aende wapi, mama wa watu? Yeye mwenyewe anapikia gesi! Moshi ulikuwa wa jirani yake, Prisko, aliyejenga tanuri la matofali mpakani mwa kihamba chetu, shamba la ukoo.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niliondoka Pasua, hapa mjini. Uani nilizunguka rundo la matofali yenye alama ya nyota, ya vyumba vyangu vya kupangisha. Fundi Hemedi ndiye huniletea, na sijawahi kumuuliza anayatoa wapi. Nikawasha pikipiki. Kila mtaa unajengwa, malori yanatema moshi mweusi juu ya masinia ya maandazi, nasi tunasema mji unakua. Mlima sikuuona. Nikajiambia ni mawingu.

Njiani kuelekea Uru, zamani ukifikia mashamba ya kwanza ya kahawa hewa ilikuwa inabadilika, unafunga koti na kuvuta pumzi. Safari hii harufu ya mpira unaoungua ilinipokea kabla ya kahawa. Hasira zilinipanda hadi nikakosea gia.

Saa mbili nilimkuta Shangazi ameketi mlangoni, kitenge puani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Kunywa mtori kwanza, utagombana ukiwa na nguvu."

Niliikataa ile supu ya ndizi. Sijawahi kukataa mtori wake maishani.

Nyuma ya nyumba migomba ilikuwa imeshika masizi. Nilipitisha kidole kwenye jani kikatoka cheusi. Prisko alikuwa anasukumia vipande vya matairi chakavu kwenye mdomo wa tanuri.

"Wewe huna mama?" nilifoka. "Mzee wa watu unamfukiza kwa matairi?"

"Shikamoo, kaka," alijibu, akijifuta macho. Nayo yalikuwa mekundu. "Kuni siku hizi mpaka kibali. Kahawa niliing'oa, ilikuwa hainilishi. Mjini wanataka matofali. Kuna fundi wa Pasua kila siku ananipigia, eti tajiri wake ana haraka."

Nilifungua mdomo nimtukane huyo tajiri. Ndipo nikayaona matofali yaliyopoa, yamepangwa pembeni. Kila moja lilikuwa na nyota.

"Fundi gani?"

"Hemedi."

Jumatatu ya wiki hiyo hiyo nilikuwa nimempigia Hemedi simu nikamgombeza kwa kunichelewesha.

Kwetu Wachagga, aliyekosa humpelekea aliyemkosea jani la isale, mmea tunaoupanda mipakani, na anayepelekewa hawezi kukataa kusamehe. Nilipanda Uru nikitaka Prisko alipeleke mbele yangu. Sasa nililikata mwenyewe, nikalifuta masizi kwa shati, nikampelekea Shangazi kwa mikono miwili. Nikamweleza habari ya nyota. Nilikuwa naona aibu hata kumtazama.

Alilipokea, akaliweka mapajani.

"Nimekusamehe. Isale haikataliwi." Akakohoa mpaka akashika mlango. "Ila kifua changu, baba, hakijui isale."

Alasiri nilirudi Pasua nikamwambia Hemedi asimamishe ujenzi. Alinishangaa. "Ukiyaacha wewe matofali yale, bosi, atayachukua mwingine kesho."

Na ni kweli, yalichukuliwa. Hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo: tanuri halikuzimika hata siku moja, na wenye haraka tumejaa mji mzima, kila mmoja na fundi wake wa kumtuma asikotaka kwenda kuona. Nilifunga safari kumtafuta mkosaji mlimani kwa watu, kumbe moshi ule niliuagiza mwenyewe kwa simu.

Vyumba vyangu vimeishia kwenye madirisha. Wanaoniuliza vitakwisha lini nawaambia wapande Uru wakamuulize Shangazi, kama watamkuta na pumzi ya kuwajibu.