Honi Barabarani na Nuru ya Galaksi za Mbali

Mjukuu wangu wa kike alirudishwa mara ya kwanza alipotetea utafiti wake wa galaksi. Watahini wake chuoni Arua walikubali hesabu zake zote, lakini walipomwomba aeleze kwa maneno mepesi kwa nini mistari ya nuru ya galaksi zake ni mipana, aliwarudishia hesabu zilezile. Wakampa nafasi moja nyingine. Akaja kwangu Koboko amenuna.

"Nieleze mimi," nikamwambia. "Nimefundisha kwaya ya kanisa hadi nikazeeka. Nimezoea wanaokosea."

Akaeleza. Katikati ya baadhi ya galaksi kuna shimo jeusi, na gesi inayolizunguka huweza kung'aa kuliko nyota zote za galaksi hiyo. Nuru yake ikitawanywa kama upinde wa mvua, kila aina ya gesi huonyesha mistari yake angavu, kila mmoja mahali pake.

"Kama kwaya, kila sauti na noti yake," nikasema. "Sasa mstari unapanukaje?"

Akachukua kalamu, akaanza tena kuandika hesabu.

Hapo boda boda ikapita barabarani, honi ikilia mfululizo, nami nikashtuka: noti ilikuwa juu ikija, ikashuka ikienda zake. Nikamwita dereva, Mkongo jirani yetu, nikamwomba apite tena vilevile.

"Mzee, nipite bure na kelele? Mutu atasema mimi iko wazimu!"

"Pita, mwanangu. Kazi hii ni ya Mungu."

"Mungu naye iko na kazi ya honi?" Lakini alipita, akageuza, akapita tena, akicheka.

Mjukuu wangu akaruka. "Babu, ndiyo hiyo! Gesi inayotujia, nuru yake inasogea upande wa bluu. Inayotukimbia, upande wa nyekundu. Nuru zote mbili zinatufikia kwa pamoja, basi mstari unatanuka. Upana unatupa kasi, mng'ao unatuonyesha gesi iko mbali kiasi gani na shimo, na kwa hivyo viwili tunapata uzito wa shimo lenyewe!"

Nikayarudia kwa maneno yangu, akanisahihisha, nikayarudia tena. Nilimshukuru Mungu kwa kunifikisha uzee wa kusikia habari hizo.

Siku ya mtihani nilikaa kwenye benchi nje ya chumba, nikisali. Alipotoka alipiga magoti kunisalimu, na mabega yake yalikuwa yakitikisika kwa kicheko.

"Nimepita, Babu."

Haleluya yangu ikajaza ukumbi. Karani akafungua mlango kwa hasira: "Mzee! Hapa iko mtihani!"

"Mtihani wenyewe ndio huu, mama. Mjukuu wangu ameupita!"

Akatutazama, akaweka faili zake sakafuni, akapiga vigelegele virefu kuliko vyote nilivyopata kusikia kanisani.