Migomba ya Mama Juu ya Kilima cha Watu

Sisi wa Kisangani tunapanda mgomba bila kufikiri. Ingia mtaa wa Mangobo, pita nyuma ya jiko lolote. Pale maji ya vyombo yanapomwagwa utaukuta umesimama, na hakuna aliyeomba ruhusa ya kuupanda. Unakunywa maji machafu, unatoa majani ya kufungia liboke, samaki wa kuokwa ndani ya majani, na siku moja unakupa makemba, ndizi za kupika. Mama yangu alizaliwa Yanonge, kando ya mto, na alipanda hivyo hivyo. Papa alikuwa mtu wa milimani, kule mashariki, lakini alikuwa dereva wa kamio, yaani lori, na mambo ya udongo aliwaachia ndugu zake. Hakumwambia mama kwamba kwao mgomba ni neno zito.

Uhuru ulikuja, tukacheza ngoma. Kisha uasi ukaja, tukafunga mizigo. Papa alitupakia kwenye kamio, mama, mimi, na mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya, akatupandisha kwa baba yake. Alikunywa maji, akageuza gari arudi kutafuta mshahara wake. Barabara ikafungwa nyuma yake. Alirudi kwetu, nisiwaweke roho juu, lakini alirudi baada ya mavuno. Kabla ya hapo tulikula kwa jembe la mama peke yake.

Niseme kidogo habari ya kilima chenyewe, maana vijana wanadhani milima ilizaliwa na upara. Babu alisema zamani msitu ulifunika kichwa chote cha kilima mpaka kwenye chemchemi. Watu walilima tumbo la kilima tu, na shamba likichoka waliliacha lilale mpaka magugu yamfiche mtu. Wazungu wakachukua ardhi ya chini kwa kahawa. Watu wakasukumwa juu, wakakata msitu wapate pa kulima. Udongo ulipoanza kushuka, serikali ya wakati ule ikaamuru kila mtu achimbe mifereji ya kukata mteremko, na asiyechimba alipigwa. Kwa hiyo uhuru ulipofika, watu waliifukia ile mifereji huku wanaimba. Mvua ya kwanza ikabeba udongo mweusi, ikaupeleka kule kule kwenye kahawa.

Babu alikuwa akisema, "Muzungu alikuja na fimbo na mufereji. Tulipaswa kutupa fimbo. Sisi tukatupa mufereji."

Kilima kilikuwa na chifu wake, na kila nyumba ilimpa mbuzi kila mwaka kwa ajili ya udongo. Aliyeazimwa udongo alipanda vitu vinavyokwisha na msimu: maharagwe, mahindi, viazi. Kitu kinachobaki ardhini, mgomba au mti, kilipandwa na mwenye udongo. Ukipanda mgomba umesema: mimi niko hapa, na mtoto wangu atakuwa hapa. Huhitaji kufungua kinywa.

Tonton, mdogo wake Papa, alilijua hilo vizuri. Alikuwa na wana wengi na udongo mdogo, basi alikuwa akipanda mikaratusi mbio mbio, safu baada ya safu, akishuka kuelekea chemchemi. Sikumpenda, lakini nilipopata watoto wangu nilimwelewa. Mtu mwenye vinywa vingi hapandi kwa utulivu.

Babu alimwazima mama kipande cha shamba mteremkoni, chini ya nyumba, apande maharagwe. Mama hakuwahi kulima mahali palipoinama. Aliteleza, akakaa chini, akateleza tena, na wanawake wa kilima wakashika viuno kwa kucheka.

"Angalieni mwanamuke wa muto! Anaogelea ndani ya maharagi!"

"Chekeni," mama akawajibu. "Siku mutakuya kwetu, nitawaweka ndani ya mutumbwi, tuone nani atalia."

Jirani mmoja alikuwa akipunguza migomba yake na kutupa machipukizi. Mama aliona ni hasara. Akayaokota, akayapanda nyuma ya jiko, mwanzoni mwa kile kipande cha maharagwe, akamwagia maji ya vyombo. Siku ile aliimba. Nadhani aliona kwa mara ya kwanza kwamba nyuma ya jiko lake pamefanana na kwao.

Tonton alipita, akasimama, hata salamu hakutoa.

"Shemeki, hii ni nini?"

"Ni mugomba. Kwani hapa hamuna?"

"Nauliza nani amekupa udongo."

"Nani ananipa udongo? Nimetaka majani ya liboke."

"Liboke ya samaki gani? Iko samaki juu ya mulima?" Akaenda moja kwa moja kwa babu, sauti yake imetangulia. "Muke wa kaka yangu anakamata shamba! Alikuja kuomba maharagi, sasa anakamata shamba!"

Maneno yalizunguka kilima kabla chungu hakijachemka. Kesho yake chifu wa kilima alikuja, akaketi kwenye kiti cha babu. Watu walijaa uani. Mama alisimama na mtoto mgongoni, mimi nimeshika kitambaa chake. Maharagwe yalikuwa yameanza kutoa maua, na Tonton alitaka kipande kirudishwe siku ile ile. Kama angeshinda, tusingekuwa na kitu cha kula.

Chifu alimwuliza mama taratibu kama alijua maana ya alichofanya.

"Sikujua," mama akasema. "Kwetu mugomba ni kama kuku. Uko tu."

Watu wakacheka, hata chifu. Tonton hakucheka.

"Basi sasa umejua," chifu akasema. "Ukiiacha, umeomba udongo, na utaleta mbuzi. Kama huna mbuzi, kipande kinarudi kwa wenyewe, na maharagwe yake. Ukiing'oa kwa mukono yako mbele yetu, uko mugeni, na hakuna mutu atamunyima mugeni mavuno yake."

Koko, mama mzazi wa Papa, alikuwa na mbuzi mmoja. Alisimama polepole akasema, "Mbuzi wangu yuko. Amupeleke. Huyu ni muke wa mutoto wangu, abakie na migomba."

Nilimtazama mama. Nilitaka aseme ndiyo, maana nilikuwa nimechoka kuitwa mtoto wa mgeni.

Mama alipiga goti mbele ya koko. "Aksanti, mama. Chunga mbuzi yako. Nikimupeleka, kesho nitakuwa mutu wa kilima, na bwana yangu anatutafutia maisha ku muto. Miye niko na kwetu. Mutoto wa shemeki hana kwingine."

Akaenda nyuma ya jiko, akaing'oa mmoja mmoja, akaipanga miguuni pa chifu. Mizizi ilikuwa imeshaanza kushika. Koko aliinama, akakusanya machipukizi kwenye kanga yake, akasema kwa sauti ya kusikika, "Haya ninapanda kwangu. Atakayetaka majani ya liboke ajue njia." Hakumtazama mtoto wake Tonton.

Asubuhi iliyofuata mke wa Tonton alishuka na jembe lake. Alianza kupalilia kutoka upande wa pili wa kipande, mpaka wakakutana katikati na mama. Akamfundisha kuweka mguu mmoja chini ya mwingine, ili mteremko usimtupe.

Maharagwe yakakomaa. Desturi ya kule, chungu cha kwanza kinakwenda kwa mwenye udongo, na babu akasema mwaka ule kipelekwe kwa Tonton, kwa kuwa siku moja udongo ule ungekuwa wake. Mama alinitwisha chungu. Nilikataa.

"Beba," akasema. "Tumekula udongo wao. Mutu halipii udongo kwa kununa."

Nikabeba, naye akanifuata. Tonton alikula mbele yetu mpaka akafika chini ya sahani. Akafuta kinywa.

"Shemeki, ni nzuri. Ila imekosa chumvi."

"Chumvi iko Kisangani," mama akamjibu. "Barabara ikifunguka, nitakutumia gunia, uipande kama mikaratusi yako."