Mnara wa Ukoo wa MacTarrish

Noreen MacTarrish alikuwa mama wa makamo, maji ya kunde, mhudumu katika nyumba ya wazee huko Mississauga. Jina lile la Kiskoti lilitoka kwa baba yake, mlowezi wa Nyahururu aliyezaa na mpishi wake, Leokadia, kisha asimkaribishe mtoto mezani hata siku moja. Mapadri ndio walioshikilia aandikwe hivyo alipobatizwa. Uhuru ulipokuja, baba alifunga virago akarudi kwao. Noreen akaolewa na Lancelot, Mgoa wa Nairobi, wakahamia Kanada, lakini jina la baba hakuliacha. Akiulizwa sababu, husema hakurithi kingine.

Mwaka wa 1996, Russell, mtoto wa mzee aliyekuwa akimhudumia, aliliona jina hilo kwenye beji kifuani pake akashangaa, kwani naye alikuwa MacTarrish, tena mwenyekiti wa chama cha ukoo mjini Toronto. Akamwalika kwenye mkutano wao, waonyeshwe picha za ngome na magofu yote ya ukoo. Lancelot alimwambia asiende. Noreen akapiga pasi gauni lake la kanisani, akaenda.

Walimpokea vizuri, wanaume wamevaa sketi zao za mirabaraba, wakampa chai. Picha zikapita ukutani: ngome ya Dunlarrig juu ya mwamba wa bahari, makaburi ya machifu, kanisa lisilo na paa. Kisha ikaja picha aliyoitambua mara moja: mnara wa mawe katikati ya shamba la viazi. Russell akaeleza kwamba mwana wa ukoo aliujenga Kenya kwa mikono yake mwenyewe, kwa kuikumbuka Dunlarrig, na kwamba chama kitaupachika bamba la shaba lenye jina lake. Ukumbi ukapiga makofi.

Noreen akasimama.

"Huyo ni baba yangu," alisema, "na hakuinua jiwe hata moja. Aliyejenga ni babu yangu Ndiritu, mzaa mama. Aliteleza juu ya mnara huo akaanguka, akafa. Andikeni jina lake."

Bibi mmoja akampapasa mkono kwa huruma, na huruma ile ikamchoma kuliko yote. Russell akasema kwa upole kwamba suala hilo litapelekwa kwenye kamati. Picha zikaendelea.

Baadaye Russell alimfuata kazini kumwambia kuwa kamati imeamua bamba liwe na jina la mwana ukoo peke yake. Wakati huo Noreen alikuwa amemshika babake Russell kwapani. Akamketisha taratibu, akamfunika magoti, ndipo akatoka kwenye ujia kwa hasira.

Desemba alisafiri hadi Nyahururu. Mnara ulikuwa kwenye kipande cha shamba cha binamu yake Gichohi, mjukuu mwingine wa Ndiritu, aliyekubali bamba bila kuambiwa litabeba jina la nani. Noreen alikuwa amekusudia kumwomba alichonge jina la babu yao pale mlangoni. Lakini alipoingia ndani, akaangalia ngazi zile nyembamba zisizo na pa kushika, nia ilimgeuka.

"Ubomoe," alisema.

"Dada, huu ni ukumbusho."

"Wa nani?"

Asubuhi Gichohi alikuja na majirani, nyundo na mitarimbo, na Noreen akabomoa pamoja nao hadi viganja vikachubuka. Mawe mengine yalijengea kaburi la Ndiritu, yaliyobaki yakawa ghala la viazi.

Habari zilimfikia Russell. Alimwambia Noreen kwamba ameharibu historia ya ukoo, akaomba baba yake apewe mhudumu mwingine. Noreen hakuomba radhi. Lancelot alipomuuliza kama sasa moyo umetulia, alisema haujatulia, ila usingizi anaupata.