Kioo cha Tatu

Halmashauri ya mji, baada ya kuketi, kutafakari na kunywa chai, iliwatangazia wananchi wote kwamba dirisha kuu la ukumbi litabaki limezibwa kwa mabati moja kwa moja, kwa kuwa imethibitika kitaalamu kwamba kioo cha ukubwa ule hakiwezi kubebwa na binadamu kikapita katika kichochoro kinachokwenda ukumbini na kufika kizima. Tangazo lilipigwa muhuri, likabandikwa ndani ya ukumbi wenyewe, mahali ambapo, kwa sababu ya mabati hayo, hakuna aliyeweza kulisoma bila tochi.

Uthibitisho wa kitaalamu ulikuwa hivi. Kampuni moja ya mbali ilileta vioo vitatu. Cha kwanza kilipasukia kwenye kona ya kinyozi. Cha pili kilijitahidi, kikafika hadi kwenye ngazi za ukumbi, kikapasukia hapo, na wabebaji wakaondoka bila kuaga. Cha tatu hakikujaribiwa. Kiliwekwa stoo ya halmashauri ndani ya kreti yake, na kwa kuwa taarifa ilikuwa imekwishaandikwa kwamba vioo vyote vimevunjika, kuanzia siku ile kikawa hakipo.

Mjane alikuja kwetu mabati yakiwa yameshaanza kushika kutu. Alishuka na begi la nguo na sanduku refu la mbao, akafikia kwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, fundi cherehani mwenye nyumba ya vyumba vitatu na mdomo wa vyumba kumi. Sanduku likasukumwa chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na visu vya kukatia kioo, mikanda, na vipande vya ngozi vya kushikia, viwili vikiwa vimechakaa kwa mkono wake na viwili kwa mkono wa mumewe.

Maana wote wawili walikuwa mafundi vioo. Tangu waoane walikuwa wakibeba pamoja, mume mbele, mke nyuma. Kioo kikubwa hakibebwi kwa nguvu. Kingekuwa kinabebwa kwa nguvu, wachukuzi wa sokoni wangekuwa mafundi. Kinabebwa kwa hatua. Kinasimamishwa wima kama ukuta, na wabebaji wakikosana hatua hata kidogo kinaanza kuyumba katikati, kisha kinatoa sauti nyembamba, kama mbu aliyeingia ndani ya chupa. Mafundi husema kinaimba. Kikishaimba hakuna kubembelezana tena. Kinachofuata ni fagio. Mume na mke hawa walikuwa wamepatana: mume anaanza na mguu wa kulia, mke anaanza na wa kushoto, na mtikisiko wa mmoja unamezwa na wa mwenzake. Kioo kilikuwa kinapita barabarani kimya kama kivuli.

Sasa mjane alikuwa akikaa jikoni kwa wifi yake, akimenya vitunguu. Alimenya vizuri mno. Wifi alimvumilia kwa muda ambao kwa tabia yake ulikuwa mrefu kupita kiasi, yaani kama mwezi hivi, halafu akavunja ukimya.

“Wifi, wewe si fundi vioo?”

“Nilikuwa.”

“Ulikuwa! Kwani na wewe umekufa? Sisi mafundi cherehani pale ukumbini tunashona kwa kupapasa kama tunatafuta shilingi iliyoanguka chini ya kitanda. Jana nimemshonea mtu mfuko wa shati mgongoni.”

“Akasema nini?”

“Alishukuru, hakuuona. Si nimekwambia kuna giza?”

Mjane aliendelea kumenya. “Kazi ile ni ya watu wawili, wifi. Wa pili nimemzika.”

“Basi tafuta wa pili mwingine.”

“Nikimkosa?”

“Ukimkosa, vitunguu vipo.”

Lilisemwa kwa utani, lakini mjane hakucheka. Jioni hiyo alilivuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akatangaza uamuzi wake, naye hakuwa mtu wa kutangaza mambo: angejaribu mara moja. Kama hapatikani mtu anayeweza kubeba naye, vifaa vitauzwa, na yeye atakuwa mgeni wa jikoni mpaka siku zake ziishe. Wifi, ambaye alikuwa ameyataka haya mwenyewe, alishikwa na baridi ya ghafla akaenda kufunga dirisha.

Wa kwanza kujaribiwa alikuwa seremala, mtu wa kifua. Walifanya mazoezi na mlango mkuukuu uani. Seremala aliunyanyua kama anayeokoa mtu kwenye moto, akaondoka nao, na mjane akaburutwa nyuma kama mkia.

“Taratibu, kaka! Unafukuza kuku?”

“Mzigo ukiwa mikononi, dada, dawa yake ni kufika.”

“Kioo hakitaki kufika. Kinataka kwenda.”

Seremala alilitafakari neno hilo, akaona halina faida kwake, akarudi kwenye mbao zake. Mjane aliketi juu ya mlango ule, akaanza kupangusa vifaa kama mtu anayeviandaa kwa mnunuzi.

Wifi alimtazama kutoka mlangoni. “Na mimi je?”

“Wewe?”

“Mimi nina mikono, nina miguu. Kilichobaki ni nini?”

“Kufunga mdomo. Ukiongea unapumua ovyo, ukipumua ovyo kioo kinajua.”

“Kwani mimi huwa naongea?” alisema mwanamke huyo, na inaaminika kwamba aliuliza kwa moyo mweupe.

Kukipata kile kioo cha tatu kulikuwa rahisi kuliko ilivyotarajiwa. Mtunza stoo alieleza kwamba kutoa mali ya halmashauri kunahitaji kibali, lakini kitu ambacho hakipo hakina kibali chake, na kwa hiyo hakuona atamzuia mtu kwa sheria gani. Alisaidia kung'oa misumari ya kreti. Kisha akarudi nyuma, kwa sababu kioo kilikuwa kimeegemea ukuta wa stoo, kirefu kuliko mlango na kipana kuliko kitanda, na ndani yake alijiona mzima kuanzia kofia hadi viatu, jambo ambalo halikuwahi kumtokea.

Waliondoka saa ya soko. Mjane hakuichagua kwa ajili ya watu; ndiyo saa ambayo jua haliko machoni. Wifi mbele, mjane nyuma, mikono ndani ya ngozi. Wifi alivaa zile za kaka yake. Hakuna aliyemwambia azivae; zilikuwa zile mbili zilizobaki.

“Haya,” alisema mjane.

Kioo kikanyanyuka.

Waliokuwapo wanasimulia kila mtu kwa namna yake, lakini wote wanakubaliana kuhusu ukimya. Kwanza walinyamaza wauza nyanya, halafu wauza ndoo, halafu fundi redio akazima redio zake zote. Mtu wa baiskeli alishuka bila kuambiwa. Kinyozi alitoka nje na mteja wake, aliyenyolewa upande mmoja, na wote wawili wakasahau upande wa pili. Mbele yao kilikuwa kinapita kipande cha mbingu. Wingu liliingia upande mmoja wa kioo, likapita polepole juu ya paa la duka la dawa, likatokea upande wa pili. Watu walijiona wamesimama ndani ya kile kitu, midomo wazi, wakipita wao wenyewe mbele ya macho yao wenyewe. Mama mmoja alimpungia mkono mwanamke aliyemwona humo ndani, kwa heshima, kisha akatambua ni yeye.

Hayo waliyaona wao. Mjane hakuona lolote. Fundi wa nyuma haangalii mbingu. Anaangalia visigino vya aliye mbele. Na visigino vile vilikuwa vinamfanyia jambo ambalo hakuwa amejiandaa nalo.

Mguu wa kulia ulitangulia. Kisha, kabla ya kukanyaga, ulisita kidogo, kama unaomba ruhusa kwa ardhi. Kulia, kusita, kukanyaga. Kulia, kusita, kukanyaga. Mwendo ule aliujua kuliko alivyoujua uso wake. Miaka yote ya ndoa aliamini mumewe alisita hivyo kwa sababu aliwahi kuanguka kwenye ngazi, na alikuwa amemkanda mguu ule mara nyingi sana. Sasa ulikuwa mbele yake, chini ya gauni la maua, ukivuka soko. Mguu wake wa kushoto ulijibu wenyewe bila kumuuliza. Alitega sikio asikie kioo kikianza kuimba. Kioo kilikuwa kimya.

Walipita kona ya kinyozi. Wakaingia kichochoroni, kuta mbili zikiwabana hadi viwiko vikakwaruza chokaa. Wakafika kwenye ngazi za ukumbi, na hapo mjane akafanya kosa ambalo kwa fundi wa nyuma ni kosa kubwa: alisahau yuko na nani.

“Pumzika, mzee wangu,” alisema kwa sauti ya chini.

Aliye mbele alisimama. Akashusha ukingo wa kioo taratibu juu ya kiatu chake, si chini, kama alivyokuwa akifanya marehemu. Hakugeuka. Hakusema neno, yeye, mwenye mdomo wa vyumba kumi. Walisimama hivyo, kioo katikati yao.

Kisha mjane akasema, “Haya,” wakapanda.

Mabati yalipokwisha kung'olewa, kioo kukaa kwenye fremu na gundi ya silikoni kupigwa pembeni, waliketi chini sakafuni, migongo ukutani.

“Nani amekufundisha kutembea hivyo?” aliuliza mjane.

“Hivyo vipi?”

“Unasita. Mguu wa kulia.”

Wifi aliutazama mguu wake kama kitu alichoazimwa. “Ni ndoo,” alisema mwishowe. “Tulikuwa tunateka maji mimi na kaka, ndoo inaning'inia kwenye mti, ncha hii bega langu, ncha ile bega lake. Usiposita maji yanakurukia mgongoni. Mama alikuwa anakagua: gauni likilowa, unarudi mtoni. Tukazoea. Kwani yeye alikuwa bado anasita?”

“Mpaka mwisho.”

“Nilidhani huko mjini kwenu ameacha.”

“Nilikuwa namkanda kwa mafuta,” alisema mjane. “Miaka yote. Nikidhani ni ngazi.”

“Naye akakuacha ukande?”

“Akaniacha.”

“Mjanja yule!” alisema wifi, na hapo ndipo walipocheka, wakacheka mpaka mtunza stoo, aliyekuwa amewafuata, akachungulia kuona kama kuna kilichovunjika.

Mwisho wa mwezi mjane alipanga chumba chenye mlango wa barabarani, mkabala na nyumba ya wifi, akaliweka sanduku mbele ya mlango, wazi. Vitunguu siku hizi wifi anamenya mwenyewe, na hulalamika hivyo kwa kila mtu.

Ukumbini, washonaji walivumilia wiki moja, kisha wakashona pazia zito. Jua lilikuwa linawaumiza macho.